Baba, Siku Ulipoipiga Tupa Elektrodi Yangu

Baba yangu,

Tangu tukuzike nyumbani, watu wa mtaa wetu wa Mbotela bado wananiita binti ya fundi, nami naitika kwa furaha. Leo nataka tuongee ile kazi yetu ya shaba.

Wewe ulitengeneza elektrodi kwa tupa na msasa. Kipande cha shaba ulikipa umbo la kifuniko cha chupa, kikaenda kwenye mashine ya cheche za umeme, na cheche zikala chuma taratibu hadi shimo la umbo lile likabaki. Hiyo ndiyo moldi, kalibu ya kumiminia plastiki. Elektrodi moja, wiki nzima! Ikikataa, unaanza upya.

Halafu, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, mdosi wa karakana akaleta mashine ya kuchonga kwa kasi. Mimi niliyetoka politekniki nikapewa niiendeshe. Aki Baba! Kile kisu, chembamba kama njiti ya kiberiti, kilizunguka mpaka hukioni. Tuliiwasha asubuhi, na kabla ya chai ya saa nne shaba ilikuwa tayari, inang'aa kama sufuria ya siku ya wageni. Mafundi wote wakaja kuitazama. Lakini wewe ulienda zako, na siku tatu hukunisemesha, hata mezani. Nikawaza, basi, nimepata mashine, nimempoteza baba.

Siku ya nne, tukapima moldi. Shimo lilikuwa dogo kuliko mchoro. Mdosi akafoka, "Nani ameharibu?" Wote wakanitazama mimi. Nilijua kazi imeota mbawa.

"Ni mimi," ukasema. "Niliona elektrodi yake haina alama ya tupa. Nikadhani mtoto amesahau, nikaimalizia kwa tupa, ikapungua."

Hakuna aliyecheka. Nyote mafundi mlilelewa hivyo: shaba haitoki mezani bila tupa. Kumbe hata ukiwa umeninunia, ulikuwa unanifichia aibu!

Nilipochonga elektrodi nyingine ulisimama hapo hapo. Ukaipeleka dirishani, ukaigeuza na kuigeuza. "Hii haijaguswa na mkono wa mtu?"

"Haijaguswa, Baba."

"Mungu ni mkubwa."

Kisha wewe, fundi aliyewafunza wote mle ndani, ukavuta stuli mbele yao ukakaa kando yangu.

"Haya, mwalimu," ukaniambia. "Nianzie wapi?"

Pumzika, Baba. Sijawahi kuheshimiwa hivyo tena.

Wako,
Binti uliyempa jina la mama yako