Mudathiri Yuko Njiani

Jumatano, 3 Agosti 1994

Mudathiri kapona! Kapona, hajafa! Chombo kimeshika moto, mkia wote umeungua, yeye katoka na kovu la shingoni tu. Nimepiga kigelegele mpaka kuku wametawanyika.

Haya, Bismillahi. Ilitakiwa iwe mwanzo, nimeisahau kwa furaha.

Najua ni hadithi. Sijarukwa na akili. Mudathiri wa gazetini yuko huko juu baina ya nyota, mwaka elfu mbili na themanini, anatafuta njia ya kurudi Kibiti. Anayemwandika ni Saadi, mwanangu wa pili, kwa mkono wake, kwenye meza ile ya mninga mle chumbani. Kila Jumatano basi la Dar linashusha magazeti, na ukurasa wa saba ni wa mwanangu. Wa mwanangu mie! Mie niliyejua kuandika kwenye kisomo cha watu wazima, chaki mkononi, mtoto mgongoni.

Lakini Mudathiri mwingine, wangu wa kwanza, wa tumbo langu — huyo yuko wapi? Alizamia meli bandarini Dar, mwaka ule sukari iliporudi madukani. Salamu zilikuja mara moja, kwa baharia, kwamba yuko Durban na ni mzima. Basi. Kimya mpaka leo.

Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Saadi kampa mtu wake jina la kaka yake. Kampa na lile pengo la jino. Kampa na kupenda maandazi ya jana. Namuuliza, Saadi baba, una habari? Anasema, mama, ni hadithi. Sawa. Lakini hadithi itajuaje pengo liko upande gani?

Zuena ndiye anayetusomea barazani, maana sauti yake inafika mpaka kwa muuza dagaa. Zuena ni mke wa Mudathiri. Wa Mudathiri wa kweli. Mpaka leo yuko kwangu. Alipofika pale pa moto alisita, akaendelea. Binamu yangu Johari, mtani wangu huyu asiye na haya, kasema, "Mkweo anasoma mumewe anaungua wala chozi halimtoki! Mie wangu akiunguza ulimi kwa chai nalia."

Nimemrushia ganda la muhogo.

Alhamisi, 4 Agosti

Watu wanadhani kazi ya Saadi ni kukaa. Waje waone! Akitoka kuswali alfajiri anaketi. Mashine ya kukoboa ya jirani ikianza kunguruma anafurahi, anasema ndio mlio wa chombo chake. Mashine ikiishiwa dizeli, naye anaishiwa. Anaandika mstari, anaukata, anatoka, anawatazama kuku, anarudi. Jana alikwenda kwa mwalimu wa fizikia wa sekondari kuulizia mambo ya jua. Karudi kanuna. Mwalimu kamwambia kupita karibu na jua haiwezekani, mtu angekuwa mkaa zamani. Ikabidi kurasa tatu zichanwe. Tumewashia jiko.

Leo kaniuliza: mama, ulipokuwa unalinda mpunga bondeni, maji yamejaa chini, umo dunguni peke yako, ulikuwa unaongea na nani?

Nikamwambia naongea na ndege. Nawatukana.

"Unawatukanaje?"

Nikamtajia mawili matatu. Mengine nikayameza, ni mwanangu. Kayaandika yote!

Kumbe chombo cha Mudathiri ni dungu langu lile lile — kibanda juu ya nguzo ndefu, jiko la udongo juu ya mbao, ngazi ya kuvuta ndani usiku ukiingia. Wazungu wanajenga vya chuma. Mwanangu kajenga dungu, na linaruka! Nimemwambia Johari. Nimemwambia na muuza dagaa.

Jumapili, 7 Agosti

Nimerudi harusini Bungu. Miguu imevimba. Pilau lilikuwa na mchele mwingi kuliko nyama, lakini bibi harusi kapendeza, mashaallah. Mie nilivaa doti yangu mpya ya kanga. Waliniita "mama wa mwandishi" mbele ya watu! Nikawahadithia mpaka sinia likapoa.

Halafu Mwantum wa Maparoni, wa ukoo tuliooleana nao, kanisogelea. Kaniuliza, na Mudathiri je, dada?

Mdomo ukajibu wenyewe: "Yuko njiani."

Nilikuwa nasema wa gazetini. Nadhani. Mwantum kanikumbatia, kalia, kanibusu mikono. Kule delta gazeti haliwafikii. Nimefungua kinywa nimweleze... ningeanzia wapi? Na nyota? Na mwaka elfu mbili na themanini?  Nikala halua.

Jumatano, 10 Agosti

Leo Mudathiri kazitukana nyota. Matusi yangu! Neno kwa neno! Baraza limecheka mpaka mtu kaanguka kwenye benchi. Shehe alikuwa anapita, kasimama, kajifanya anafunga kiatu mpaka Zuena alipomaliza. Viatu vyenyewe kandambili.

Lakini konda wa basi kamletea Saadi maneno ya mhariri. Mwezi uliopita alisema punguza nyota, ongeza mapenzi. Leo anasema maliza. Yamebaki matoleo mawili, ukurasa unapewa mashindano ya warembo.

Warembo! Mtu hajafika kwao, wanaleta warembo!

 Saadi kaingia chumbani. Mashine inanguruma huko nje, yeye kalamu kaiweka.

Ijumaa, 12 Agosti

Shemeji Abdala kaja kutoka Nyamwage, kavuka na pantoni ya asubuhi. Ni kaka wa marehemu mume wangu, ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Hasomi hadithi. Kaketi, kanywa maji, kaniambia tunamchezea marehemu.

Nikamuuliza, marehemu nani?

Akanitazama. Kasema keshaongea na mashehe. Zuena amesubiri kupita alivyoamriwa. Hitima isomwe, akae eda, mtoto wa watu aolewe. Shaabani wa Bungu, yule mnunuzi wa korosho, keshauliza kwa heshima.

Nikapandisha hasira. Nikamwambia mwanangu ana hadithi inasomwa mpaka mikoani, na weye unataka kumzika! Hata mie sikujua nasema mwana yupi. Shemeji akaniacha nimalize. Si mtu mbaya, shemeji. Ada ya Saadi ya sekondari kalipa yeye. Akasema polepole, "Shemeji, hata mie namtaka. Lakini nimwombee nini? Arudi salama, au alazwe pema? Nikiinua mikono, dua yangu haijui pa kwenda."

 

Jumamosi, 13 Agosti

Nilikuwa nachambua mboga uani, mlango wa Saadi uko wazi. Zuena kasimama kizingitini na ndoo yake ya maji, hakuitua. Kasema:

"Shemeji, huyu mtu mtue au mzike. Mie nimechoka kuelea naye."

Saadi kamuuliza, weye wataka lipi?

"Ningelijua nisingekuuliza weye."

Kaenda zake kumwagilia bamia. Kamwagilia na jiwe. Sikumwambia.

Jumatatu, 15 Agosti

Haandiki. Nimempelekea uji, kauacha ukaganda. Nimeketi kitandani kwake kama nilivyokuwa nikiketi akiugua surua. Nikamwambia, baba, mie si mhariri. Niambie ukweli. Habari za kaka yako unazipata wapi?

Kasema hana. Hajawahi kuwa nazo.

"Na jina? Na pengo?"

Basi kanieleza. Kasema magazeti yanatembea, mama. Mabaharia wanayabeba. Yanafungia karanga, yanafungia vitumbua, yanavuka bahari yakiwa yamefungia viatu. Kipande kimoja tu kikimfikia, aone jina lake, aone anatafuta njia ya Kibiti, ajue kwao mlango haujafungwa. Hakujua njia nyingine ya kumwita mtu asiye na anwani.

Miezi yote hii nilidhani Saadi anapokea. Kumbe anatuma!

Nimetoka nje. Nimerudi kuchukua bakuli la uji. Nimelisahau tena.

Jumatano, 17 Agosti

Kaiona Rufiji! Kutoka juu, mito imeachana kama vidole vya mkono, mikoko nyeusi, na baina yake madungu yanafuka moshi wa jioni. Mudathiri anasema, kule kunapofuka ni kwetu.  Muuza dagaa kaacha kupunga nzi.

Zuena kasoma moja kwa moja, hakusita popote. Imebaki moja.

Alhamisi, 18 Agosti

Ya rabi nimefanya nini.

Asubuhi imeletwa kapu la kamba wakavu kutoka Maparoni, limeshushwa Nyamisati na mashua, likapanda gari la mizigo. Salamu za Mwantum: wamesikia habari za safari yake zinatoka gazetini, la mwisho Jumatano, basi hesabu yao Ijumaa kijana atakuwa amekwisha fika. Wanakuja kumpokea. Wote. Na ngoma wanakuja nayo.

Mchana kaja mtu wa Nyamwage. Salamu za shemeji Abdala: mashehe wamepatikana, hitima ni Ijumaa hiyo hiyo, baada ya swala. Jumatano analeta mbuzi.

Nimekaa chini, hapo hapo mlangoni, kapu mapajani.

Johari kaja, kanikuta, kauliza, nimemwambia yote. Kacheka mpaka kajishika mbavu. "Mwenzetu, shughuli mbili jiko moja! Basi huyo mtu akitokea, ale pilau la hitima yake mwenyewe, tena aseme chumvi imezidi!"

Nikacheka. Wallahi nilicheka sana. Halafu sikuweza tena, na Johari naye akaacha, akanishika bega, akachukua kapu kulipeleka jikoni.

Nitume mtu Maparoni awaambie wasije? Nimtume nani? Aseme nini? "Bi Mwajabu alikuwa anaongea habari za nyota"? Nitume Nyamwage? Shemeji atasema nampinga mbele ya watu.

Sijatuma.

Jumatatu, 22 Agosti

Tumechambua mchele siku nzima, mie na Zuena. Harusi ni pilau, hitima ni pilau, mgeni akirudi ni pilau. Mchele haujui.

Nikamuuliza Zuena, na Shaabani je? Kasema ni mtu mzuri, ana maneno machache. Kasema atamjibu baada ya Ijumaa. Kisha kaniuliza kama Mudathiri bado atakuwa anapenda maandazi ya jana, au huko alikokwenda wamemzoeza mapya. Nimemwambia mtu habadiliki tumbo. 

Saadi keshampa konda kurasa za mwisho tangu Ijumaa. Nimemwomba aniambie mie tu, mamake: katua? Anasema nisome Jumatano kama wenzangu.

Ndiye mwana niliyemlea huyo!

Jumatano, 24 Agosti

Naandika mikono inanuka vitunguu. Harakaharaka.

Basi limechelewa, lilipasua tairi. Baraza limejaa mpaka barabarani. Shemeji Abdala yupo, kaja na mbuzi na mikeka ya kuazima. Kasema yeye hasikilizi, kaketi pembeni anavuta tasbihi. Shehe kaja, leo na viatu vya kufunga kweli. Saadi kajificha uani, kasimama nyuma ya pazia, miguu yake naiona.

Zuena kasoma. Dungu linashuka. Maji ya bondeni yanarudi nyuma kuliachia nafasi. Nguzo zinaingia kwenye tope, moja, ya pili, zinatulia. Ni alfajiri. Ngazi inateremshwa. Mtu anashuka, uso hauonekani kwa ukungu. Anatembea. Anapita mikorosho, anapita mashine ya kukoboa — imezimwa. Anafika kwenye nyumba yenye baraza la udongo. Mlango umeegeshwa tu. Anainua mkono.

Zuena kasoma neno la mwisho: "Hodi."

Na watu wote tukaitika: "Karibu!"

Wote! Kwa pamoja, kwa sauti, bila kufikiri, maana hodi huwezi kuiacha hewani. Mie nimeitika. Johari kaitika. Muuza dagaa kaitika. Shehe kaitika. Na shemeji Abdala, asiyesikiliza, ndiye aliyeitika kwa sauti kubwa kuliko sote, mpaka tasbihi ikamtoka mkononi.

 Tukatazamana. Mtu mmoja kageuka nyuma, kaangalia barabara. Kisha tumegeuka wote. Mbuzi tu.

Zuena kaligeuza gazeti, kaangalia kama kuna chini yake kitu. Hakuna, kuna tangazo la sabuni. Yeye hakuitika, alikuwa ndiye msomaji. Au aliitika moyoni, sijui. Miguu ya Saadi haipo tena nyuma ya pazia.

Shemeji kaokota tasbihi yake. Nikangoja aseme. Kasema, "Mwandishi kafanya ujanja." Kisha akakaa. Kisha kasema tena, si kwangu, kwa mikeka, "Lakini mtu kapiga hodi."

Kaniuliza sasa watu waambiwe nini, maana wa Nyamwage wanavuka kesho. Na wa Maparoni ndio wako majini. Johari naye, "Binamu, tuseme hitima au tuseme mapokezi? Tujue tuvae nini!" Wote wananiangalia mie. Mie, darasa la chaki na mtoto mgongoni!

Kabla sijajibu Zuena kakunja gazeti, kanyanyuka, kauliza, "Mama, tuazime masufuria mangapi?"

Nikamwambia makubwa yote. Nikawaambia waambieni watu wawahi, wapate pa kukaa. Ya nini, sikusema. Mlango wa mbele nimeuacha umeegeshwa, Saadi kaufunga, nimeuegesha tena.

Mchele umekwisha pimwa. Maparoni, Nyamwage, Bungu — wanakuja wote Ijumaa.