Mgomba wa Kimo Chako

Yaya, kaka yangu mpendwa,

Mama amekubali. Tangu mlima ulipoporomoka juu ya shimo lenu kule Shabunda, alikuwa hataki hata kusikia neno mazishi, kwa sababu hakuna aliyemletea mwili. Wiki iliyopita aliwaita wajomba, akawaambia tuzike mgomba mahali pako, nyumbani Mumosho, kama wazee wetu walivyomzika mtu asiyepatikana. Nimetoka Nairobi kwa ajili hiyo.

Unakumbuka siku uliyorudi kutoka machimboni mara ya kwanza? Tulikuwa sokoni Nyawera, tumekaa juu ya magunia ya makaa ya mama. Ulitoa mfukoni jiwe jeusi la kasiterite, ukanitilia kiganjani, na mkono wangu ukashuka kwa uzito.

"Njo ii tunachimbaka," ulisema. "Inatoaka bati."

"Inang'aaka?"

Ulicheka mpaka wateja wakageuka. "Ii? Ata kidogo! Soma, wee njo utaing'arisha."

Nilisoma, yaya. Sasa kazi yangu katika maabara ya chuo ni kuotesha nyaya za semikondakta, nyembamba mno hata hadubini ya kawaida haizioni. Ni za oksidi ya zinki. Zikiwa safi, ukizimulika kwa taa maalumu, hutoa zambarau hafifu. Ukizitia bati, kidogo kuliko chumvi ya mchuzi, rangi inageuka kijani. Ukizidisha, zinafifia. Nimehangaika muda mrefu kutafuta kipimo chake, na kila nikifungua chupa ya bati nakufikiria wewe. Chupa haisemi bati hilo lilichimbwa wapi, wala nani alibaki chini. Kuna siku naichukia kazi hii, na kuiacha siwezi.

Nilikuja na kipande cha kioo chenye nyaya hizo, pamoja na taa yake. Nilitaka nikiweke kaburini, kukuambia kwamba bati lako limeng'aa. Tukafunga madirisha, nikamwonyesha mama. Aliutazama ule ukijani bila kupepesa macho.

"Inatoka ku shimo yake?"

"Sijui, maman."

"Basi haiko yeye. Rudisha mu mufuko."

Nikarudisha. Niliumia, sikufichi, maana njia nzima nilikuwa nimejidanganya kwamba nakuleta nyumbani.

Leo asubuhi mjomba aliangusha mgomba, akasimama na panga. "Nikate wapi?" Shina lazima lilingane na kimo cha marehemu. Watu, mmoja baada ya mwingine, wakanitazama mimi. Tulilingana kimo; hata suruali zetu tulivaa kwa zamu, yaya, hakuna aliyezikunja wala kuzishusha. Basi nikalala chini, kando ya shina. Panga likapita juu kidogo ya kichwa changu, na maji ya mgomba yakanirukia usoni.

"Inuka sasa," mjomba akasema.

"Mumuache kwanza," mama akajibu.

Akapiga magoti. Akaninyoosha miguu, akaiweka mikono yangu kifuani, akanifumba macho kwa kiganja chake. Kisha akaanza kukulilia, kwa jina lako, kwa mara ya kwanza. Nami sikuthubutu kupumua kwa nguvu.

Pumzika, yaya. Mama amekuzika.

Mdogo wako,
niliyelala mahali pako