Muyove wa Burungu, Libuyu ya Ntoto

Jumatatu, 2 Juni
Burungu, kwa wazazi. Nimekama ng'ombe na Mama, kama zamani. Kisha malishoni, kwa mti wetu wa muyove. Wa mwisho kwenye kilima chetu. Maua yamekwisha, vitunda bado vibichi. Nitangoja vikauke, nibebe mbegu. Papa hajanisalimia. Hajanisamehe kuolewa Ntoto, chini porini Walikale, kwa mkulima asiye na ng'ombe hata mmoja.

Jumatano, 4 Juni
Papa ameongea! Ameuliza kazi yangu ya pepinieri, ya kuotesha miche. Nikafurahi kijinga. Nikaeleza: libuyu ya Walikale na muyove wetu ni ndugu, hata maua yanafanana. Libuyu inakatwa sana kwa mbao, imeandikwa kati ya miti iliyo hatarini. Muyove haumo. Nilitaka kuongeza kwamba libuyu ni mti wa joto, huku juu baridi ingeiua. Akanikatiza.
"Njo kusema muyove, hakuna mwenye anaweza kunikataza kuukata?"
Hakuna, nikasema. Ni kweli.

Alhamisi, 5 Juni
Msumeno wa mashine tangu asubuhi. Papa ameniita nitazame. Ameniwekea na kiti. Mama alilia jikoni. Mti ulipoanguka nikapasua vitunda. Mbegu laini, maji matupu. Hazitaota.
"Uko na pori ya bwana yako," Papa akasema. "Enda ulinde ile."
Namchukia.

Jumapili, 15 Juni
Ntoto. Bwana yangu anasema nimwombee Papa. Kanisani nimeenda. Sikumwombea.

Jumanne, 9 Septemba
Mama amepiga simu. Ng'ombe hawana kivuli, maziwa yamepungua. Kisha Papa akachukua simu. Sauti ya upole, sijaisikia tangu niolewe.
"Mutoto yangu, unitumie ule muti wenye uko ndugu ya muyove. Nitaupanda pale pale."
Nimechagua mche wa libuyu, mzuri kuliko yote. Nimempa mtu wa pikipiki. Habari ya baridi, sikusema.

Alhamisi, 13 Novemba
Mama anasema Papa ameuzungushia mche ua wa miiba. Kila asubuhi anaenda kuutazama kabla ya kukama. Majani yameanza kuwa meusi. Papa mwenyewe akachukua simu, akaniuliza afanye nini.
Nikamwambia aendelee kuutunza.
Akanishukuru.
Hapa mvua mchana kutwa. Tumekula sombe.