Kwa Nini Ndege Ikipita Nanyamaza

Mjukuu wangu Yuliana,

Marahaba. Hapa Kilakala tunapumua, ingawa magoti yanamsumbua bibi yako, na mvua imeozesha maharage yote ya shangazi yako kule mlimani.

Uliniuliza kwa nini ndege ikipita nanyamaza. Ujanani nilikuwa kibarua kwenye kiwanja chetu cha ndege. Nilikuwa nafyeka nyasi, na ndege ikikaribia nafukuza mbuzi. Masika moja barabara ya Dar ilikatika, na mdogo wangu Kasiani akaletwa pale kwa machela ili ndege impeleke hospitali. Nilifukuza mbuzi wote mpaka kiwanja kikabaki kitupu. Lakini wingu lilikuwa limeshuka toka milima ya Uluguru hadi kwenye paa la kibanda chetu. Tukaisikia ndege ikizunguka juu yetu weee, kisha mlio ukarudi Dar.

"Imetua?" Kasiani akauliza, macho kafumba.

"Inatua, mwanangu," mama akamjibu, akamshika mkono.

Hakuuliza tena.

Miaka mingi baada ya kumzika nilimkasirikia mama kwa jibu lile. Uzeeni ndipo nilipoona kwamba hakuwa na kingine cha kumpa.

Ndege ikipita, mjukuu wangu, nasikiliza kama inashuka. Zote zinapita.

Babu yako