Sahihi Chini ya Majibu

4 Februari

Mwanangu,

Hujambo? Kazi zinaendaje huko? Mimi mzima, ukiacha huu uvimbe wa shingoni. Juzi nilifunga cherehani nikaenda zahanati kufuata majibu ya kile kipimo cha sindano cha mwezi uliopita. Daktari alianza kuandika dawa kabla sijakaa. "Majibu safi, mama," akaiambia simu yake, maana mimi hakunitazama. Nikamwambia, "Mbona uvimbe unakua?" Akasema, "Karatasi inasema safi."

Basi karatasi ndiyo nzima, mgonjwa ni mimi. Kwa watu wale sirudi. Nimeanza dawa ya muuza mizizi wa hapa sokoni. Yeye angalau aliniuliza nalalia upande gani.

Mama yako


15 Februari

Mama,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Barua yako ilinichekesha, kisha ikanikera. Vipimo vya zahanati yenu huletwa kwetu; karatasi unayoidharau imetoka maabara yetu, hapahapa ninapofanya kazi. Sisi tumesoma, mama, na vipimo tunavyo. Huyo tapeli wako ana gunia na spika. Watu mnapewa majibu, nyie mnataka kubembelezwa, halafu lawama zote kwa hospitali. Ikisema safi, ni safi. Tupa hiyo mizizi uendelee na ushonaji wako.

Mwanao


20 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Unaendeleaje? Miezi mitatu hujanijibu, na simu yangu hupokei. Jana dada alinipigia simu akasema siku hizi chakula kigumu kinakukwama, na sauti imekauka. Leo nimeingia stoo kutafuta fomu yako.

Mama, Januari tuliishiwa dawa ya kupaka kwenye vioo vya kupimia, na bila hiyo ugonjwa hauonekani. Mkuu wetu akasema tukirudisha sampuli tutaonekana wazembe. Tukaandika "safi" kwenye fomu zote, watu thelathini na mmoja. Chupa na fomu huja na namba tu, majina yamo kwenye daftari; sikujua moja ni yako, na Februari nilijidanganya kwamba haimo. Sahihi iliyo chini ya majibu yako ni yangu.

Nenda hospitali yoyote nyingine, usingoje. Jumamosi ya pili ya Juni ninakuja kukuomba radhi.

Mwanao


27 Mei

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata. Dada yako alishanipeleka hospitali nyingine, sikuwa nangoja ruhusa yako. Daktari wa huko, mwanamke, alinipapasa shingo taratibu, akapima upya, akaniambia kwa mdomo wake: ni saratani, imeanza kutambaa, lakini bado inakatika. Alhamisi wananipasua. Kama Februari ingekuwa kazi ndogo, hilo wewe ndiye msomi, unalijua.

Muuza mizizi nilipomwambia uvimbe unazidi, alisema mizizi yake huanza kwa kuvimbisha. Nikacheka mpaka shingo ikauma. Mmefanana kama mapacha, ila yeye hajavaa koti jeupe.

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikalia. Mimi nilikusomesha kwa cherehani hii, na nilijisifu kwa kila mteja kwamba mwanangu yuko maabara.

Jumamosi usije. Mimi nina dada yako, na sasa najua ninaumwa nini. Wale thelathini hawajui. Wameikunja karatasi yako vizuri, wameiweka pamoja na vyeti vyao, na wanakushukuru. Toa hizo fomu na daftari stoo, mkuu wako apende asipende, uwatafute nyumba kwa nyumba. Wakikuuliza wewe ni nani, usiseme mtaalamu. Waambie wewe ndiye uliyetia sahihi.

Mama yako