Macho kwa Macho na Mzee Gathogo

Jumanne, 10 Juni

Semina imeisha. Siku mbili nzima za kufundishwa kukaa! Inama mbele kidogo. Usikunje mikono. Tikisa kichwa. Mwangalie mteja machoni ajue unamsikiliza. Madam Diana, bosi wetu hapa kituo cha ushauri, anasema Alhamisi atakaa kwa kona ya chumba changu na fomu, aniwekee alama. Nikifeli, kontrakti yangu inaisha mwezi huu.

Mengine nayaweza. Macho ndiyo shida. Mama alinilea nikijua mzee hakodolewi macho, unaangalia chini, ndiyo heshima. Na hivyo ndivyo huwa nasikiliza — nikiangalia viatu vya mtu. Nilimwambia Diana. Akacheka. Akasema, Jeruto, hayo ya kwenu yaache kwenu.

Alhamisi, 12 Juni

Nimepita! Ishirini kwa ishirini. Diana anasema hata sikupepesa.

Aliyekuwa kwa kiti ni Mzee Gathogo wa Munyaka, yule wa duka la mbegu, aliyefiwa na mkewe Waiyego mwezi wa tatu. Kawaida huongea dakika kumi halafu ananyamaza. Leo ameongea karibu saa nzima. Nilimwangalia machoni mwanzo mpaka mwisho. Shingo inauma. Jasho kwa mgongo, na baridi hii yote! Jicho lake la kushoto lina doa la kahawia. Akiondoka alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Asante, mami, leo nimesikizwa.

Nilipokaa kuandika ripoti nikashtuka. Sikuwa na kitu. Nikaandika "anaendelea vizuri".

Jumapili, 15 Juni

Mvua. Sikuenda kanisani.

Alisema nini? Waiyego alitajwa, lazima. Naona mdomo ukienda, naona meno mawili ya chini hayapo. Sauti hakuna. Nilikuwa najiambia usiangalie chini, usiangalie chini. Alhamisi nitamwomba arudie. Pole pole, Diana akiwa mbali.

Jumatatu, 16 Juni

Mzee Gathogo amepotea. Tangu Jumamosi asubuhi! Simu ameiacha kwa kaunta ya duka, na dawa zake za presha.

Binti yake, Shiko, alinipata ofisini kabla sijavua koti. Wametafuta hospitali, wametafuta Yamumbi alikozikwa mama yao. Hakuna. Anasema nyumbani mzee hakutamka neno, ila Alhamisi jioni alikula vizuri, akawaambia kuna msichana pale kituoni anamsikiliza kuliko watoto wake wote.

"Kwa hivyo wewe ndiye unajua," Shiko akasema. "Alikuambia anaenda wapi, dada?"

Diana alikuwa mlangoni, ananiangalia. Na yeye alikuwa chumbani siku ile! Lakini alikuwa akihesabu vile natikisa kichwa.

Ningesema sikusikia. Basi. Mdomo ukakataa. Shiko analia, amenishika goti, machozi na kamasi. Nikasema nadhani alitaja Molo. Kwa dada yake. Huyo dada nilimwona tu kwa faili.

Shiko akanikumbatia. Mungu wangu, akanikumbatia!

Jumanne, 17 Juni

Shiko na kaka yake Mungai wametoka saa moja asubuhi kwenda Molo. Shangazi hapokei simu, kwa hivyo wameona waende wenyewe. Vijana wa kanisa waliokuwa wakitafuta kando ya mto Sosiani wameambiwa wapumzike — mzee ashajulikana aliko.

Nimesikia hayo kwa mlinzi wetu Bethwel. Nimejifungia chooni na daftari hili.

Saa mbili na nusu. Meseji ya Shiko. Wamefika Burnt Forest, kuna ukungu mwingi, Mungu anibariki kwa kumsikiliza baba yao.

Nimeandika: Shiko, rudini. Nimefuta. Nimeandika: Shiko, nilidanganya. Nimefuta. Diana anagonga mlango, anasema kuna mteja ananingoja.

Nimeandika: Shiko.

Meseji ingine imeingia. Wamepita Timboroa.