Chupa ya Chumvi Dirishani

Tabora, Machi 2025

Mpwa wangu Sada,

Nakusalimu kutoka huku ambako bado naitwa mtu wa Kilwa.

Ulinieleza kuwa fuwele, yaani vijiwe vya kung'aa, unazokuza kwa ajili ya kompyuta za kwanta huharibika kwa mtikisiko mdogo tu. Nilielewa upesi, kwa sababu ya ile chupa ya maji ya chumvi yenye uzi ndani uliyoiacha utotoni kwenye dirisha la mama yako, Kivinje. Hata wageni aliwafokea: "Msiiguse, ni kazi ya Sada!"

Ulipochoshwa na mitandao ukajitoa, nilielewa pia. Ila misiba yetu siku hizi hutangazwa kwenye kundi la ukoo, na kila mtu alidhani umelisoma tangazo. Mama yako alizikwa Ijumaa. Shangazi yako Maftaha aliandika, "Msomi wetu hata pole hana." Nikamjibu, "Hajui huyo." Ndipo nikatafuta anwani ya maabara yako.

Chupa usiiulizie. Ndugu walipofagia chumba chake baada ya mazishi waliona jiwe jeupe limeota kwenye uzi, wakadhani ni uganga. Wamelitupa baharini.

Mjomba wako,
Sadick